Emagic AMT8 kwenye studio yangu Sinza: uzoefu wa miaka miwili

Kabla ya kupata AMT8, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na vyombo vingi vya muziki, kwa miaka sita vyombo vyangu vilishikana mikono. Kompyuta ilipeleka MIDI, yaani maagizo ya noti gani ipigwe na lini, kwenye kinanda cha Yamaha Motif, Motif ikapitisha kwa tundu la THRU (linalotoa nakala ya kilichoingia) kwenda Roland JV-1080, moduli ya sauti isiyo na vibonye vya kinanda, JV ikapitisha kwenda kinanda cha Korg Triton, na mwisho wa mkia kulikuwa na sempla ya Akai, ya kupigia sauti zilizorekodiwa. Wengi wetu hapa mjini tulianza hivyo, maana kompyuta ilikuwa na tundu moja tu la MIDI na hela ya kuongeza vifaa ilikuwa ya kuungaunga. Nilipotengeneza ngoma za taratibu, za mwendo wa mapigo 85 au 90 kwa dakika, mambo yalikwenda. Kuna kitu nilisikia kinalegea kidogo, nikadhani ni mikono yangu.

Singeli, muziki wetu wa kasi wa mitaa ya Dar, ndiyo iliyoniamsha. Vijana wa Manzese walipoanza kuja kurekodi kwangu, mwendo ulipanda hadi 200 na zaidi. Kwa mwendo wa 200, robo ya pigo ina milisekunde 75 tu. Hapo kiki na besi zikaanza kukosana. Kijana mmoja alisikiliza mara mbili, akavua hedifoni, akaniambia, "Braza, ngoma inachechemea." Alikuwa sahihi, na nililala nikiiwaza hiyo kauli.

Shida iko kwenye hesabu ya waya. MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya NAMM, Marekani, kinanda cha Sequential kilipounganishwa na cha Roland, na kasi ya ule waya wa pini tano imebaki ileile tangu siku hizo: biti 31,250 kwa sekunde. Nazungumzia biti za kompyuta, siyo hizi tunazozipiga. Noti moja ni baiti tatu, kila baiti inachukua biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo noti moja inakaa njiani karibu milisekunde nzima. Sasa weka kiki, haihati, besi, kodi (chord) ya noti tano na nyuzi za noti nne, vyote kwenye pigo moja. Hizo ni noti 12 zinazopanga foleni. Ya mwisho inamaliza kupita milisekunde 11 na ushee baada ya ya kwanza kuanza safari. Kwenye singeli, hiyo ni zaidi ya moja ya saba ya robo pigo, na sikio la kijana aliyekulia kwenye vigodoro, ngoma za usiku za mtaani, linaisikia bila kipimo chochote.

Dawa yake ni kukipa kila chombo waya wake, kama mabasi ya mwendokasi yalivyopewa njia yake huku daladala zikibanana pembeni. Ndipo nikaanza kutafuta intafesi, yaani kisanduku cha kati ya kompyuta na vyombo, ya matundu mengi, na kwa bei niliyokuwa nayo nilijua itakuwa ya zamani.

Niliipata Kijitonyama, kwa mzee mmoja aliyepiga kinanda kwenye bendi miaka mingi na sasa alikuwa anafunga chumba chake cha kurekodia. Nilimkuta anakunja waya. Baada ya shikamoo na marahaba, akanionyesha kisanduku chembamba chenye taa ndogo mbele: Emagic AMT8. "Mwanangu," akasema, "hiki usikipeleke kwenye Windows mpya, utajisumbua. Lakini ukikipatia kompyuta inayokijua, hutakitoa kwenye raki, fremu ya kupachikia vifaa." Nikampa shilingi 150,000, akaniongezea na waya sita za kwake.

Emagic ilikuwa kampuni ya Ujerumani, ndiyo iliyotengeneza Logic, programu ya kutengenezea muziki. Apple waliinunua Julai 2002, na bidhaa za upande wa Windows zikasitishwa Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo alichosema mzee kina historia yake: draiva (programu ya kukifanya kifaa kitambulike) rasmi ya Windows ya biti 64 haikuwahi kutoka. AMT8 ina matundu manane ya kuingiza na manane ya kutoa, na inachukua nafasi moja tu kwenye raki. Ndugu yake, Unitor8, ana matundu hayohayo pamoja na SMPTE, alama za muda, kwa wanaofunga muziki na picha. Mimi sifanyi kazi za filamu, AMT8 ilinitosha. Kila waya unabeba chaneli 16, yaani njia 16 za maagizo tofauti, kwa hiyo jumla unapata chaneli 128. Hili si jambo la kujionyesha. JV-1080 peke yake inaweza kucheza sauti 16 tofauti kwa mpigo, na ilipokuwa kwenye mnyororo nilikuwa nainyima chaneli ili Triton nayo ipate.

Kompyuta inayoijua AMT8 niliipata Kariakoo: ya mezani, ndogo, mtumba, nikaiwekea Linux. Hapa ndipo nilipofurahi kweli. Draiva ya AMT8 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, kwenye kipande chake kiitwacho snd-usb-audio. Sikupakua chochote wala sikutafuta sidii. Nilichomeka waya wa USB, nikaandika aconnect -l, amri ya kuorodhesha matundu ya MIDI, na pale kwenye skrini yakatokea matundu manane, pamoja na la tisa lenye jina la Broadcast. Hilo la tisa linapeleka ujumbe kwenye matundu yote kwa pamoja, na mimi nalitumia kwa saa ya MIDI tu, inayofanya vyombo vyote viende mwendo mmoja. Saa hutoa mapigo 24 kwa kila pigo la muziki, baiti moja moja, kwa hiyo hata kwa mwendo wa 200 haizibi waya.

Nilihamishia kazi zote za vinanda kwenye Ardour, programu ya kurekodia muziki. Kuizoea kulinichukua karibu mwezi, na sitaficha kwamba wiki ya kwanza nilikaribia kurudi kwenye mnyororo wangu. Waimbaji bado nawarekodi kwenye kompyuta kubwa, na vinanda navipeleka huko vikiwa faili za sauti.

Nilitaka kujua kama tofauti ninayoisikia ipo kweli, nikafanya jaribio. Nilipanga rimu (mlio wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma) ya JV ipige mfululizo, nikajaza kodi nzito kwenye Motif na Triton, nikarekodi rimu peke yake na kuikuza kwenye skrini ili nione kila mlio umeangukia wapi. Kwenye mnyororo, mingine ilifika kwa wakati na mingine ilichelewa hadi milisekunde 13, bila mpangilio. Kupitia AMT8, kupishana kulikuwa kama milisekunde mbili hivi. Ucheleweshaji ukiwa uleule kila mara unausogeza kwa mkono na yanaisha. Unaoua mdundo ni ule unaobadilikabadilika.

Herufi AMT zenyewe zinasimama badala ya ufundi wao wa kupeleka data mapema kwenye kisanduku ili kiitoe kwa wakati wake. Ufundi huo unahitaji programu inayouelewa, kama Logic. Mimi kwa Linux siupati, na matokeo niliyoyaeleza yanatokana na waya kutenganishwa tu.

Kuna faida nyingine sikuitegemea, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi sasa: mawasiliano ya kwenda na kurudi. Kwenye mnyororo data inakwenda mbele tu. Nikitaka kuhifadhi sauti nilizozitengeneza ndani ya moduli ya sauti, ilinibidi niingie nyuma ya raki na tochi ya simu, nichomoe huku, nichomeke kule, kisha nirudishe. Kwa hiyo sikuhifadhi. Halafu betri ya ndani ya moduli yangu moja ikaisha, na sauti za miaka minne zikaondoka nayo, ikiwemo besi iliyokuwa kwenye ngoma tatu ambazo wenyewe walikuwa wanataka marudio. Siwezi kuirudisha ile besi, nimejaribu. Sasa kila chombo kina waya wa kwenda na wa kurudi, na kila Jumapili usiku nafungua amidi, programu ndogo ya Linux ya kupokea na kutuma MIDI, navuta data ya kila chombo na kuiweka kwenye faili yenye tarehe. Kazi nzima haizidi robo saa.

Upande wa matatizo, tundu la tano la kuingiza lilikuwa limekufa nilipoinunua. Mzee alinieleza mapema, kwa hiyo halikunishtua. Kila tundu la kuingiza MIDI lina optokapla, kifaa kinachopokea umeme upande mmoja na kuupeleka upande wa pili kwa mwanga, bila nyaya kugusana. Ndicho kinachozuia muungurumo wa umeme usihame kutoka chombo kimoja hadi kingine. Fundi wa Kariakoo alikibadilisha nikiwa nimekaa hapohapo, kwa shilingi 12,000. Chumvi ya hewa ya Dar nayo haina huruma na pini. Matundu mawili yalikuwa yakikatakata mpaka nilipoyasafisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, na sasa nafanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Pia nimekiweka kisanduku kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) pamoja na kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kikizimika peke yake nalazimika kufungua Ardour upya ili ikione.

Waya zilinisumbua kuliko kisanduku. Ukitaka kujaza matundu yote unahitaji 16. Nilinunua kumi mjini zikiuzwa kama za MIDI, na tatu hazikupitisha kitu. Nilipozifungua nikakuta zimeunganishwa kwa mpango wa redio za kaseti za zamani. Sura ya kichwa ni ileile, pini tano, lakini ndani ni habari nyingine. MIDI inatumia pini ya 4 na ya 5, na ya 2 kwa ajili ya kinga ya waya. Ya nne iende kwa ya nne, ya tano kwa ya tano. Sasa nachomelea mwenyewe. Waya zangu ni za mita tatu, ukomo unaoruhusiwa ni mita 15.

Kama kazi yako yote iko ndani ya laptop, au una kinanda kimoja chenye USB, hiki kisanduku hakina cha kukupa, hela yako iweke kwenye spika au kwenye kutengeneza chumba. Na kama hutaki kabisa kugusa Linux wala Mac ya zamani, tafuta intafesi inayofuata kanuni ya pamoja ya USB MIDI, iliyotoka 1999, kwa sababu hiyo haihitaji draiva ya mtengenezaji. AMT8 haimo kwenye kundi hilo. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya swali la bei.

Ukienda kuiangalia ya mtumba, beba kinanda kidogo, waya wa MIDI unaouamini na laptop yenye Linux. Chomeka kwenye tundu la kwanza la kuingiza, bonyeza noti, angalia taa ya tundu hilo na uangalie kama noti imefika kwenye skrini. Hamia la pili, mpaka la nane. Kisha rudia kwa matundu ya kutoa. Kwa kila tundu lililokufa, punguza bei kwa gharama ya fundi. La kwangu la tano halijanisumbua tena tangu siku ile, na ndilo lililoshika Triton.