Fundi baiskeli wa mkungu, Sinza: mpigie kabla hujapokea hela ya dereva

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kofia za kinga za baiskeli, habari yake inakuja, na kwa sababu kijana anayejifunza kwake anakaza nati za madigadi utadhani anaziogopa.

Siandiki habari za kuziba pancha. Wa pancha Dar wapo kila kona na wengi wanaijua kazi yao. Nazungumzia lile linalotupata sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli: gari limekugusa. Umeanguka, umechubuka, umeinuka mwenyewe. Baiskeli inatembea, ila inatembea vibaya. Na dereva amesimama mbele yako, noti mkononi, anataka muachane haraka. Hapo ndipo fundi huyu anapowaacha mbali wote niliowahi kuwapelekea baiskeli.

Ukiiacha Shekilango ukaingia mitaa ya ndani ya Sinza, muulize bodaboda yeyote "fundi wa mkungu". Jina na namba yake siweki, maana sijamwomba ruhusa. Bango hana. Ana mti wa mkungu wenye kivuli kizuri, benchi, redio, sanduku la spana, na baiskeli za watu zimepinduliwa miguu juu.

Yangu ni ya mtumba kutoka Japani, ile ya kike yenye fremu ya kushuka, kikapu mbele, tairi za inchi 26, gia zimejificha ndani ya habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Nafundisha hisabati sekondari, na kikapu kile ndiyo gari la madaftari ya kidato cha pili.

Kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo gari la kuogopa ni lile linalokupita kwa kasi, kisha linakata kushoto mbele ya pua yako kuingia kituo cha mafuta. Ndivyo ilivyokuwa, Sam Nujoma, jioni, Toyota IST ya kijivu. Nilishika breki zote mbili, tairi la mbele likakutana na ubavu wa gari karibu na taa ya nyuma, nikaenda chini kwa bega na goti. Madaftari yakatawanyika mpaka kwenye pampu. Kuna mama mmoja muuza karanga aliyeyaokota yote na kuyapanga kwa majina. Sijui alifanyaje, nashukuru.

Bodaboda walifika kabla sijasimama. Hao ndio mahakama ya mwanzo ya barabara zetu, na hukumu hutoka kabla ya ushahidi. "Kaka, mpe dada hela ya soda na dawa, yaishe." Dereva, kijana mstaarabu kabisa, akatoa elfu ishirini. "Dada yangu, samahani sana, kweli sikukuona. Shika hii, nawahi kumchukua mtoto shule."

Mimi nikampigia fundi.

Swali lake la kwanza halikuwa la baiskeli. "Mwalimu, kichwa umepiga?" Nikamwambia sikupiga. "Ivue kofia uitazame ndani, lile povu lina ufa?" Halina. "Viganja vikunje, vikunjue. Kifundo kinauma ukikizungusha?" Kinauma kidogo, si sana. Akasema kikivimba usiku niende hospitali, na nikienda nipitie polisi kuchukua PF3, ile fomu yao ya majeruhi, hata kama ni kagoti tu, maana kesho ukija na maumivu bila karatasi hakuna anayejua umegongwa au umeteleza bafuni. Kisha ndiyo akasema: "Weka spika. Huyo kaka asiondoke, naye asikie."

Akanifanyisha ukaguzi kwa simu, katikati ya kituo cha mafuta, umati mzima ukifuatilia. Simama mbele ya baiskeli, libane tairi la mbele kwa magoti, tazama usukani: umenyooka nalo au umekaa upande? Umekaa upande. Hilo dogo, ni kulegeza bolti moja na kurudisha. Shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma: unasikia kitu kinagonga shingoni? Sisikii. Inua mbele, zungusha tairi. Likazunguka nusu, likajikwaa kwenye breki, likasimama. "Spoku zipige kwa kucha moja moja, niambie sauti." Nyingi zikalia, kuna upande zikawa kimya kabisa. "Sasa muhimu: inama, angalia fremu chini, pale bomba la chini linapokutana na shingo. Rangi imekunjamana? Imepasuka?" Nikapitisha kidole. Laini.

Kunjamano la rangi pale, alinieleza baadaye, ndiyo dalili ya baiskeli iliyogonga kwa mbele mpaka chuma kikajikunja. Watu wengi huangalia tairi peke yake, wakanyoosha tairi, wakaendelea kupanda fremu iliyokwisha.

Akamsalimia dereva kwa adabu zote. Ringi imekwisha, madigadi imekwisha, foko, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ataihukumu akiiona kwa macho. Elfu arobaini na tano, na foko ikiwa nzima, elfu nane ya foko itarudi. Dereva akabisha kidogo, bodaboda wale wale wa soda wakamgeuka, akalipa kwa simu moja kwa moja kwa fundi. Mimi hela sikuigusa.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu huduma yenyewe ndiyo hii. Kunyoosha ringi wanajua wengi. Mtu wa kuisomea hasara palepale, dereva akiwepo, bila kuzidisha wala kupunguza, sijampata mwingine. Elfu ishirini ile ingeniacha na deni la karibu nusu.

Kazi yenyewe niliiona kesho yake, nimekaa kwenye benchi nasahihisha. Fremu na foko alizipima kwanza. Alichukua uzi, akaufunga nyuma pale gurudumu linaposhikwa, akaupitisha mbele kwenye shingo, akaurudisha upande wa pili, kisha akapima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Zililingana, fremu nzima. Kwa foko akatia gurudumu zima la baiskeli nyingine akatazama kama linakaa katikati. Lilikaa. Elfu nane yangu, yaani ya dereva, akaitoa mfukoni bila kuombwa. Nikamrudishia kijana wa watu kwa namba aliyolipia. Akajibu "Mungu akubariki dada" na picha ya mikono.

Ringi ya zamani hakutaka kuinyoosha, na hapa nilibishana naye, maana kwa macho yangu ilikuwa imepinda kidogo tu. Akanionyesha kwa chaki. Alipindua baiskeli, akaegemeza chaki kwenye foko mpaka ikakaribia kugusa ringi, akazungusha: panapopinda kuja upande huu panachorwa. Kupinda kwa pembeni, akasema, ni kazi ya spoku. Unalegeza za upande unaovuta, unakaza za upande wa pili, robo mzunguko, robo mzunguko, bila pupa. Lakini ringi yangu ilikuwa pia na bonde, imeingia kwa ndani pale ilipokutana na gari, na bonde spoku hazilitoi. Utaivuta leo, kesho breki itadunda kila mzunguko, na spoku za pale zitaanza kukatika. Mwalimu wa hisabati nikanyamaza, hoja ilikuwa imenyooka kuliko ringi.

Akaweka ringi ya mtumba iliyo nzima, spoku mpya, akazisuka mwenyewe. Kijana alipewa madigadi. Matokeo nimeshasema.

Jambo jingine lililonipa imani: siku ile ile alikuja jamaa na baiskeli ya michezo, foko ya aluminiamu imerudi nyuma baada ya kugonga bajaji iliyosimama ghafla. Alitaka inyooshwe, hela anayo, haraka anayo. Fundi akakataa. Chuma cha kawaida kikipinda kidogo anaweza kukirudisha, aluminiamu ikishapinda imeshachoka, ukiirudisha unaikaribisha ikatike siku unashuka mlima Makongo. Jamaa akaondoka amenuna. Fundi anayekataa hela ya mkononi kwa ajili ya meno ya mteja, mimi namhesabia nyota yake hapo.

Sasa kofia. Pembeni ya mkungu ametundika kofia za mtumba, nzuri za rangi, bei ya chini. Nami nasema hadharani: usinunue, na yeye nimemwambia. Lile povu jeupe la ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kupiga lami huko ilikotoka inaweza kuonekana mpya kabisa kwa nje. Yeye huyo huyo ndiye aliyeniuliza kwa simu kama povu lina ufa! Jibu lake ni kwamba bora kofia ya mtumba kuliko kichwa kitupu, na wateja wake wengi hawana hela ya mpya. Naielewa hoja, siikubali. Angalau azikague, zenye ufa azitupe, na awaambie watu watafute ndani kibandiko cha kiwango, EN 1078 kwa za Ulaya au CPSC kwa za Marekani. Ameahidi. Nilipopita juzi zilikuwa bado zinaning'inia vile vile, mojawapo haina hata kamba ya kidevu.

Kasoro ya pili ni risiti. Hana. Anakuandikia kwenye karatasi ya daftari, ukimwomba. Kwa hasara ya elfu arobaini mkimalizana barabarani haina neno. Lakini ukigongwa na mwenye gari akabisha, au ukaumia, utataka kufuata bima yake, na bima hata ile ndogo ya mtu wa tatu, ambayo kila gari linatakiwa kuwa nayo kisheria, mtu wa tatu mwenyewe ni wewe uliyelala chini na baiskeli yako. Huko watataka taarifa ya polisi na karatasi zinazoeleweka. Kwa hiyo piga picha namba ya gari na leseni kabla ya kuanza mazungumzo yoyote ya soda. Namba ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, ukajua kama bima ipo. Fundi hili nalo ndiye anayewaambia wateja wake, halafu mwenyewe hana kitabu cha risiti cha kuwasaidia.

Kuna duka moja la baiskeli upande wa Masaki, silitaji, lenye stendi za kisasa na risiti safi. Niliwahi kuwapelekea kazi ya ringi. Waliniambia niiache wiki nzima na ninunue gurudumu zima jipya. Kwa mwenye baiskeli ya milioni kadhaa pengine ni sawa, na ya kaboni ningempeleka huko mimi mwenyewe, kwa sababu nyufa za kaboni hazionekani kwa uzi na chaki. Kwa mamachari wangu, ndivyo Wajapani wanavyoziita baiskeli kama hii, hapana.

Spoku mpya hulegea zikishaanza kubeba mtu. Alinionya, akataka nirudi baada ya wiki azikaze tena, bure. Nilirudi, akakaza, na nati za madigadi akazikaza yeye kwa mkono wake huku akimwangalia kijana kwa jicho ambalo mimi hulitumia darasani.

Mkienda: pancha elfu moja, kunyoosha ringi kuanzia elfu tano, kusuka gurudumu ni makubaliano kulingana na spoku. Anapokea kwa simu. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu yuko msikitini, anarudi kama saa nane. Jumatatu asubuhi huwa Kariakoo kutafuta vipuri, anayebaki ni kijana, kwa hiyo Jumatatu asubuhi peleka pancha tu.