Uzoefu wangu: kamba ya winchi ni nzuri, walioifunga ndio wabaya

Kamba yenyewe, ya winchi (mashine ya mbele ya gari ya kulivuta likikwama), naipa nyota nne. Duka lililoifunga silipi nyota hata moja.

Mtu anakuuzia kamba ya sintetiki ya milimita 10, bei si ya mchezo, anasema kufunga ni bure. Fundi wake anatoa waya wa chuma, anaviringisha kamba mpya kwenye drumu ya winchi, anaipitisha kwenye rola zilezile za mbele zilizosagwa na waya miaka nenda rudi. Rola hizo zina mifereji, na kingo zake zimesimama kama magamba ya samaki. Waya haujali. Kamba inanyolewa kila ikivutwa, na ukivuta kwa upande inasukumwa hadi kwenye kona ambapo rola ya kusimama inakutana na ya kulala, inabanwa humo na kuliwa.

Yangu ilikatikia hapohapo, masika, Land Cruiser pikapu imezama hadi ekseli kwenye udongo mweusi wa mbugani. Dukani muuzaji akanijibu: "Bosi, kamba ni kamba. Ulivuta vibaya." Ncha yenyewe hakuitazama, wakati ncha ndiyo inayosema. Nyuzi zilizokatwa na chuma hutoa manyoya, tena upande mmoja huwa mfupi kuliko mwingine. Zilizokufa kwa joto hushikana zikawa kipande kigumu kinachong'aa. Yangu ilikuwa manyoya matupu. Muuza kamba asiyejua kusoma ncha, auze mchele. Na mdomo wa alumini usio na rola, ambao ndio unaotakiwa kwa kamba, ulikuwa umetundikwa ukutani nyuma yake!

Kazi yenyewe si kubwa. Toa rola, funga mdomo wa alumini, na usije ukaupitishia waya hata siku moja, maana mkwaruzo mmoja unatosha kuuharibu. Pitisha pamba juu ya drumu yote na kingo zake. Ikinasa mahali, piga tupa, malizia na msasa laini. Ile skrubu iliyokuwa ikishika waya usiitegemee kwa kamba. Kamba inashikwa na msuguano wa mizunguko ya kwanza, kwa hiyo iache mizunguko 8 hadi 10 kwenye drumu muda wote (waya hutosheka na 5), kisha paka rangi nyekundu pale mwisho wa kufungua ulipo. Kuviringisha kufanyike kukiwa na mvutano: funga kamba kwenye mti kwa mkanda mpana, gari lijivute lenyewe taratibu, mtu akigusa breki kidogo. Ikiviringishwa legelege, siku ya mzigo mzito itazama katikati ya mizunguko ya chini na kukwama humo.

Hasira ikipanda nasema bora waya. Halafu nakumbuka waya. Kilo kumi na zaidi zinaning'inia mbele ya gari, vijiti vya chuma vinatoboa glavu, na ukijikunja mara moja tu, pale ulipojikunja hapaaminiki tena. Ukikatika una nguvu ya kukata mguu. Kamba iliyokatika niliiunga palepale topeni: ncha inaingizwa ndani ya kamba yenyewe, sentimita 70 hivi kwa unene wa milimita 10, ikipunguzwa nyuzi kuelekea mwisho ili isiwe na bega, yaani unene unaoishia ghafla. Gari likatoka kwa puli. Waya huwezi kuufanyia hivyo porini. Ila msidanganyane kwamba kamba hairuki kabisa: ikiwa na ndoano ya chuma mwishoni, ndoano ndiyo itakayokufuata.

Basi nyota nne? Zipunguzwe. Tope la mbugani linaingia kati ya nyuzi, likikauka chembe za mchanga zinasaga kamba kutoka ndani kila inapovutwa. Lazima uifungue yote, uiloweke kwenye ndoo ya maji safi, uisugue kwa mkono, uianike kivulini. Dereva wa kuegesha gari na tope lake hadi safari nyingine ataimaliza mapema, na nitamwelewa akichukua waya.

Halafu kuna joto. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya drumu. Ukivuta, drumu haipati moto sana. Ukiteremsha gari au mzigo kwa winchi, breki inachemka na safu ya kwanza ya kamba imelala juu yake. Nyuzi hizi zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzijoto 70 hivi, na karibu na 150 zinayeyuka. Ganda la kuzuia joto kwenye safu ya kwanza linasaidia kiasi. Kwa pikapu inayoteremsha matenki na magogo kwenye miteremko, sibadilishi waya, na rola zake zibaki.