Valvu ya ECC83 ya chapa ya Mullard iliyotumika: inunuliwe au iachwe?

Kwa tundu la kwanza la amplifaya ya gitaa, pale ishara ya gitaa inapoingia, inunuliwe. ECC83 (kwa jina la Marekani ndiyo 12AX7) ya kiwanda cha Blackburn, Uingereza, hujaza sauti za kati bila ukali, na ikiwa nzima hudumu miaka mingi, maana hapo hupitisha takriban 1 mA tu kwa kila nusu (ndani ya kioo kimoja mna sehemu mbili za kukuza).

Jina lililochapwa lisikudanganye: wino hufutika kwa kidole, na wapo wanaochapa upya. Soma alama hafifu karibu na pini. Herufi B ni Blackburn, tarakimu inayofuata ni mwaka, kisha herufi ya mwezi na namba ya wiki. Tarakimu ya mwaka ni moja tu, hivyo haionyeshi ni ya miaka kumi ipi. Doa la fedha ndani ya kioo likiwa jeupe, hewa imeingia. Valvu hiyo ni ya kutupa.

Muuzaji akiandika "imepimwa" bila namba, hajasema kitu. Dai vipimo vya nusu zote mbili: kwa anodi ya 250 V na gridi (waya unaodhibiti mkondo) ya -2 V, kawaida ni mkondo wa 1.2 mA, nao hubadilika 1.6 mA kwa kila volti ya gridi (1.6 mA/V). Ikishawaka, igonge taratibu kwa penseli ya mbao. Ikilia kama kengele, ihamishie tundu lenye ukuzaji mdogo.

EL34 kuukuu, valvu ya nguvu inayoendesha spika, ni bahati nasibu. Hubeba mkondo mkubwa, huchoka mapema, na hata jozi inayolingana hudai urekebishe upya bayasi (volti ya gridi inayopanga mkondo wa valvu ikiwa imetulia).