Uzoefu wangu: kuendesha limuzini Niagara, mpakani mwa Kanada na Marekani

Tangu niweke picha nikiwa na suti nyeusi kando ya gari refu, maporomoko ya Niagara yakiwa nyuma yangu, nimeulizwa sana kuhusu kazi hii. Wengi wanaouliza ni madereva wa Arusha na Moshi tuliokuwa tukisalimiana barabarani, wengine wameshafika Kanada na wanatafuta pa kuanzia. Naendesha limuzini hapa Niagara Falls, upande wa Ontario, tangu 2017, na nimefanya kazi kwenye kampuni mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nikibeba wageni kati ya Arusha na Nairobi, kwa hiyo nilikuja nikijua mpaka ni nini. Hata hivyo nilijifunza upya.

Namanga mgeni anashuka. Anapanga foleni na pasipoti yake, anaulizwa mwenyewe, na wewe dereva unahangaika na karatasi za gari. Hapa hakuna anayeshuka mpaka aambiwe. Unasogea kwenye kibanda, unateremsha vioo vyote vya upande wa afisa, unazima redio, na wewe ndiye unayesikika kwanza. Unabeba nani, mmejuana wapi, mnaenda wapi, mnarudi lini. Watu wanane nyuma yako, wengine wameshaonja mvinyo, na jibu la mmoja wao likipishana na lako mnaelekezwa pembeni kwa ukaguzi. Ndiyo maana pasipoti nazikusanya hotelini kabla sijawasha gari. Nazifungua ukurasa wa picha, nazipanga kwa jinsi watu walivyokaa, kuanzia nyuma ya kiti changu kuzunguka hadi mlangoni. Afisa akiinua macho anakuta sura zinafuatana na picha alizoshika. Jambo dogo, lakini limeniokolea saa nyingi.

Daraja maarufu ni Rainbow Bridge, lililofunguliwa 1941. Liko karibu kabisa na maporomoko, na mgeni akiliona kutoka dirisha la hoteli anadhani ndiyo njia pekee. Kaskazini kuna Lewiston-Queenston, kusini kuna Peace Bridge linaloingia Buffalo, mji wa Marekani, kutokea Fort Erie ya Kanada. Jumamosi ya Julai mimi huzunguka Queenston hata kama ni mbali zaidi, kwa sababu pale Rainbow foleni inaweza kukulia saa nzima huku maji unayaona. Kuna na daraja la nne, Whirlpool, la wenye kadi ya NEXUS tu, yaani wasafiri waliochunguzwa mapema na nchi zote mbili, na lazima kila mtu ndani ya gari awe nayo, hata mtoto. Dereva wa kukodiwa asahau daraja hilo.

Halafu kuna sheria ambayo wageni hawaielewi na dereva mpya huumia nayo. Gari la Kanada linaruhusiwa kumchukua mtu Niagara na kumpeleka uwanja wa ndege wa Buffalo, safari tunayoifanya sana kwa sababu Wakanada wengi hufuata nauli nafuu za kule. Linaruhusiwa pia kumpokea Buffalo na kumleta Kanada. Lisichoruhusiwa ni kumchukua Buffalo na kumshusha upande huohuo wa Marekani. Mgeni atakuomba umpitishe kwenye hoteli ya ndugu yake, dakika kumi tu, atatoa na pesa. Kataa kwa upole na umweleze sababu. Kwa wale wa kaskazini mwa Tanzania hili halitawashangaza: mnakumbuka mwishoni mwa 2014 magari yetu ya utalii yalipozuiwa kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta. Kila nchi inalinda kazi za madereva wake.

Kitu kingine ninachokikagua kila safari ni bangi. Kanada iliihalalisha Oktoba 2018, jimbo la New York likafuata 2021, kwa hiyo mgeni anajiona salama pande zote mbili. Lakini kuivusha mpakani ni kosa, hata kama ni mabaki ya msokoto kwenye mfuko wa koti. Mimi huwaambia kabla ya kuondoka, kisha napitisha mkono kwenye mikunjo ya viti na vishikio vya glasi baada ya kila kundi. Inanikumbusha siku za rambo: Kenya walipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania bado ilikuwa ruhusa mpaka Juni 2019, na madereva wa Namanga wakawa wanakagua mabegi ya wageni kabla ya geti.

Nisimulie safari moja ambayo siisahau. Dada mmoja wa Hamilton alikodi gari kwa ajili ya mama yake aliyekuja kutembea kutoka Tanzania. Mpango ulikuwa waone maporomoko, kisha wavuke kwenda kwenye maduka ya Niagara Falls, New York. Nilipobisha hodi nikaamkia, "Shikamoo mama," mama wa watu akashika kifua. "Marahaba mwanangu! Kumbe ni wewe utakayetuendesha?" Nikaomba pasipoti palepale mlangoni. Viza ya Kanada ilikuwepo, ya Marekani haikuwepo. Binti ni raia wa Kanada, yeye huvuka na pasipoti yake bila viza, kwa hiyo hata hakuwaza kwamba mama ni hadithi nyingine. Kama ningewafikisha darajani, mama angerudishwa, kukataliwa kwake kukaingia kwenye kumbukumbu, na upande wa Kanada angeulizwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Binti alinyong'onyea. Nikawaomba waniachie siku. Tukapita Niagara-on-the-Lake kwenye mashamba ya mizabibu, jioni nikawapeleka Table Rock, pale ambapo maji yanadondoka karibu na miguu yako. Upepo ukageuka, ukungu ukamlowesha mama kanga yote. Hakusogea. Alishika chuma kwa mikono miwili, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, maji yote haya yanatoka wapi?" Nikamwambia yanatoka Ziwa Erie yanakwenda Ziwa Ontario. "Usiku nayo hayalali?" Hayalali, mama. Kwa siku kama hiyo naipenda kazi hii.

Sasa malipo, ambapo lazima niseme bila kuficha. Kampuni yangu ya kwanza ilinilipa saa za gari kutembea tu. Ziara ya mvinyo inaweza kuwa ya saa sita, na katika hizo gari likatembea saa mbili. Nne zilizobaki umesimama kwenye maegesho na suti yako, huruhusiwi kuondoka, na hulipwi. Zaidi ya hapo, mgeni mmoja alinionyesha risiti yake akiniuliza kama bakshishi aliyokatwa ilinifikia. Sikuwahi kuiona. Tangu Juni 2016 sheria ya Ontario inamkataza mwajiri kubaki na bakshishi ya mfanyakazi, na nilipoipeleka hoja hiyo kwa maandishi walinilipa sehemu. Niliondoka mwezi uleule. Kampuni niliyopo sasa inalipa tangu nachukua ufunguo hadi naurudisha. Kwa hiyo ukienda kwenye usaili, uliza kuhusu saa za kusubiri na bakshishi kabla ya kuuliza ni gari gani.

Lakini gari nalo uliza. Lincoln Town Car, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikatwa na kurefushwa, iliacha kutengenezwa 2011, na mengi marefu yaliyobaki barabarani yamezeeka. Oktoba 2018, huko Schoharie, jimbo la New York, limuzini iliyorefushwa ilishindwa breki ikaua watu 20. Ilikuwa imefeli ukaguzi mwezi mmoja kabla, na dereva hakuwa na leseni ya daraja linalotakiwa. Tangu siku ile nashuka chini kuangalia mwenyewe, na nimewahi kurudisha ufunguo mezani asubuhi ya harusi kwa sababu kanyagio la breki lilikuwa linazama. Bosi alikasirika, bibi harusi akapelekwa na gari jingine, hakuna aliyeumia. Siku hizi kazi nyingi ni za magari makubwa ya kawaida na Sprinter, yale mabasi madogo ya Mercedes. Refu linatoka kwa harusi na mahafali.

Kuhusu leseni: ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja. Unafanya mtihani wa maandishi wa G1, leseni ya mwanafunzi, na ukileta uthibitisho wa uzoefu wa kutosha unaruhusiwa kwenda kwenye jaribio la barabarani la G, leseni kamili ya gari dogo, bila kusubiri miaka. Gari la abiria kumi hadi 24 linataka daraja F, lenye mtihani wake na cheti cha daktari. Leta barua ya uthibitisho kutoka nyumbani kabla hujapanda ndege. Kuifuatilia ukiwa huku ni mateso.

Na uweke akiba. Januari hadi Machi simu hailii. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa safari za matembezi, na Wamarekani waliochanjwa hawakuruhusiwa kuingia tena hadi Agosti 2021. Mimi niliishi kwa kupeleka vyakula. Novemba 22, 2023 gari lililipuka Rainbow Bridge na madaraja yote manne yakafungwa. Nilikuwa na familia inayowahi ndege ya Buffalo. Niligeuza gari, nikalipigia shirika la ndege libadilishe tiketi, nikawapeleka Toronto, zaidi ya kilomita 120 upande wa pili. Namba ya shirika la ndege ilikuwa tayari kwenye karatasi yangu ya safari, na bado naiandika kila ninapokwenda Buffalo.