Kadi ya benki Kariakoo na Deira: uzoefu wangu tangu niache kubeba dola

Nauza nguo za watoto Kariakoo, jumla na rejareja, na mzigo wangu mkubwa wa mwaka ni wa Idd. Kwa miaka mingi nilikuwa nakwenda Dubai na dola taslimu kibindoni. Siku tatu kabla ya safari nazunguka maduka ya kubadilishia fedha, nakusanya, nahesabu, nafunga. Kwenye ndege silali. Halafu mwaka 2023 dola zikaadimika. Duka la kwanza wanakwambia hakuna, la pili wanakupa 300, la tatu wanataka paspoti na tiketi, na ukishatoa vyote bado unaambiwa upite kesho. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya ile kadi ya benki niliyokuwa naitumia kutolea hela ATM tu.

Ni kadi ya debiti ya kawaida, ina nembo ya Visa, na imeunganishwa na akaunti yangu ya shilingi. Nilisafiri nayo mara ya kwanza Februari 2024, wiki chache kabla ya Ramadhani, na tangu hapo nimekwenda nayo mara nne. Ninayoyaandika nimeyalipia mwenyewe, mengine kwa uchungu.

Nianze na hapa nyumbani. Dar kadi bado ni mgeni. Supamaketi, vituo vya mafuta, hospitali binafsi na hoteli wanaipokea, lakini mtaani watu wanalipana kwa lipa namba, na mimi mwenyewe dukani kwangu nina lipa namba, sina mashine ya kadi. Ila pale inapopokelewa mimi huitoa kadi kwanza, kwa sababu benki yangu hainikati chochote ninapolipia bidhaa kwa mashine. Nikitoa hela benki kuzipeleka kwenye simu nakatwa. Kwa manunuzi ya nyumbani ya kila wiki, hayo makato madogo ukiyajumlisha kwa mwaka ni hela ya kununua kitu cha maana.

Kuna maduka yanakuongezea asilimia 2 au 3 ukisema unalipa kwa kadi. Mimi huwa nauliza kabla, na wakiongeza naacha bidhaa mezani. Mashine ni ya mfanyabiashara na gharama yake ni yake, kama ilivyo kodi ya fremu. Sijawahi kumwongezea mteja wangu bei kwa sababu amelipa kwa simu.

Jambo moja la kituo cha mafuta likusaidie na wewe. Niliweka mafuta ya 80,000, kijana akaingiza kadi, nikabonyeza namba ya siri, mashine ikatoa karatasi kwamba muamala umeshindikana. Kabla hajaichana karatasi, simu yangu ikalia: 80,000 zimetoka. Nikamwonyesha ujumbe, akanionyesha karatasi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Nikalipa upya kwa simu, maana nyuma yangu foleni ilishaanza kupiga honi, lakini nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo karatasi nipe mimi." Niliipeleka tawini kesho yake, na siku ya tano ya kazi hela ikarudi. Muamala ukishindikana usiondoke bila karatasi yake. Wengi wanaitupa kwa kuwa imeandikwa kwamba imekataliwa, kumbe ndiyo dawa yao.

Sasa Dubai. Maduka ninayonunua yako Naif, kule Deira, na wauzaji wengi ni Wahindi wa jimbo la Kerala waliokaa hapo miaka na wanakijua Kiswahili cha biashara kuliko unavyodhani. Bei ya mwisho, jumla, dazeni, mzigo, vyote wanavitaja. Siku ya kwanza nilichukua magauni ya watoto ya dirham 1,850. Muuzaji akapiga hesabu, akaingiza kiasi kwenye mashine, nikagusisha kadi, mashine ikataka namba ya siri. Nilipomaliza akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mistari miwili: wa juu AED 1,850, wa chini TZS 1,387,500. "Dada, hii au hii?"

Nikabonyeza shilingi. Nilifurahi kuiona hela yetu kwenye mashine ya ugenini, na nilijiambia angalau najua hasa kinachotoka. Mchana huohuo, duka la pili, nilinunua suruali na fulana za dirham 920. Mashine ile ikauliza vilevile, lakini muuzaji alikuwa na wateja wengine, akabonyeza dirham yeye mwenyewe na kunirudishia kadi. Nikaudhika kidogo. Usiku hotelini nikafungua ujumbe wa benki: duka la pili, 657,800, makato yote yakiwa ndani. Nikachukua kikokotoo. Duka la pili kila dirham ilinitoka kwa shilingi 715. Duka la kwanza, kwa shilingi 750. Tofauti ya 35 kwa kila dirham, mara 1,850, ni 64,750. Nilikaa kitandani nikairudia ile hesabu mara tatu. Hiyo ilikuwa faida yangu ya magauni kadhaa, imekwenda kwa kubonyeza mstari wa chini.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha ni yule mwenye mashine ya huko, kwa bei anayojipangia, na chake kimo humohumo. Ukichagua hela ya nchi uliyopo, kubadilisha kunafanywa na mtandao wa kadi, kwangu ni Visa, na benki yako. Benki nayo inachukua chake, yangu inachukua kwa kila muamala wa nje, lakini sijawahi kuona ikifikia ile bei ya mashine. ATM za huko zinauliza swali hilohilo, tena kwa maneno ya kubembeleza, kana kwamba kukataa ni hatari. Kataa. Chagua dirham. Ukiwa Istanbul chagua lira, ukiwa Nairobi chagua shilingi ya Kenya. Na kama muuzaji anataka kukubonyezea, mwombe mashine uishike mwenyewe, maana kuna anayebonyeza kwa haraka upande usio wako.

Sehemu iliyoniumiza zaidi ni hoteli. Nilipofika mapokezi walinieleza kwamba wanachukua dhamana ya dirham 500, itarudi nikiondoka. Nikatoa kadi bila wasiwasi. Sikujua kwamba kwa kadi kama yetu, dhamana inashikilia hela yako halisi. Mwenye kadi ya mkopo kinachoshikiliwa ni sehemu ya mkopo ambao hata hajaugusa. Mimi ilishikiliwa 357,500 ya mtaji. Haijatoka kwenye akaunti, ila haitumiki. Salio unaliona kubwa, na ukilipa unakataliwa.

Nilikataliwa siku ya kuondoka, kwenye ofisi ya kargo. Mzigo umeshafungwa na turubai, umepimwa, kilo zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya furushi, na nyuma yangu kina dada wengine wa Kariakoo na kaka mmoja wa Kampala wanasubiri. Mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikapiga simu benki, dakika zikaliwa na muziki wa kusubiri. Shoga yangu niliyesafiri naye akatoa dirham zake taslimu akalipa, hakuuliza hata lini nitamrudishia. Sitausahau wema ule. Hoteli waliniambia wameshaiachia hela asubuhi. Benki wakaniambia bado hawajapokea taarifa. Nilikuwa kati yao kwa siku 12, nikiwa nimeshafika Dar na nimeshaanza kuuza mzigo, ndipo 357,500 zangu zikafunguka.

Siku hizi dhamana ya hoteli naweka taslimu na nachukua risiti. Si hoteli zote zinakubali, kwa hiyo nauliza kwa WhatsApp kabla sijalipia chumba. Wanaokataa sikai kwao.

Kwa sababu hiyohiyo taslimu sijaiacha kabisa. Abra, zile mashua za kuvukia mkono wa bahari wa Creek, ni dirham 1, unampa nahodha mkononi. Metro nina kadi yao ya Nol, naongezea salio stesheni. Chai, mkate, wapagazi wa mikokoteni pale Naif, wote hao ni sarafu na noti. Natoa ATM mara moja tu nikifika, kiasi cha safari nzima, kwa sababu ada ya benki yangu ya kutoa nje ni ileile kwa dirham 100 na kwa 1,000, na ukitoa kidogokidogo unailipa kila mara.

Kabla ya kusafiri nakwenda tawini, siamini simu peke yake. Mara ya kwanza binti wa kaunta aliniambia, "Mama, kadi yako haijafunguliwa matumizi ya nje." Ningejulia Naif. Namwomba pia anipandishie kikomo cha siku, kwa sababu kikomo cha kawaida hakitoshi mtu wa jumla, na ananiandikia tarehe ya kurudi kishushwe tena. Jingine ni laini ya simu. Ukinunua mtandaoni, benki inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe, na kama laini yako ya Tanzania haijawashiwa huduma ya kutumika nje, ile namba haifiki. Nilishindwa kulipia chumba cha usiku mmoja wa ziada kwa sababu hiyo, nikiwa na hela na kadi mkononi. Sasa laini ya nyumbani inakaa simu ndogo, imewashwa, na ya intaneti ya Dubai inakaa simu kubwa.

Usalama ndio ulionifanya niipende kadi hii, licha ya yote. Nilifungua akaunti ya pili, na kadi nikaihamishia huko. Mtaji unakaa akaunti ya kwanza ambayo haina kadi. Nikiwa dukani na bei imeshakubaliwa, nafungua programu ya benki, nahamisha kiasi cha mzigo ule na nyongeza kidogo ya makato, halafu ndiyo nagusisha. Mwaka jana saa nane za usiku niliamshwa na ujumbe: mtu anajaribu kununua kitu mtandaoni kwa kadi yangu, salio halitoshi. Halikutosha kwa sababu mlikuwa na shilingi elfu nne. Nikaifunga kadi kwenye programu nikiwa kitandani, asubuhi nikaomba nyingine. Zile dola za kibindoni zingeibwa usiku ule zisingenitumia ujumbe.

Na zile namba tatu za nyuma ya kadi nimezikariri, kisha nimebandika juu yake kipande cha stika. Mhudumu wa mgahawa akisema anakwenda nayo kaunta, nanyanyuka naye. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Wenzangu wanaokwenda Guangzhou, China, wana hadithi nyingine. Kule maduka wanaskani kwa simu, kadi yenye nembo ya Visa wengi hawaitaki mkononi, kwa hiyo unaiingiza ndani ya Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, na unalipa kwa kuskani kama wenyeji. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya ziada, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Kwa chakula na teksi inafaa sana. Kwa mzigo wa jumla, asilimia 3 ni nyingi, na wengi bado wanatuma hela kwa benki moja kwa moja kwa kiwanda.

Jirani zangu wa fremu huniuliza kama wachukue kadi au waendelee na dola, hasa sasa ambapo dola inapatikana tena. Mimi nawaambia wachukue kadi, kwa sharti la akaunti ya pili. Ila benki yangu nina neno nayo, na nimeshalisema tawini kwa mdomo na kwa maandishi. Ujumbe wanaonitumia baada ya kununua nje unasema kiasi cha shilingi kilichotoka, basi. Hausemi dirham moja imehesabiwa kwa shilingi ngapi, wala ada yao ni ipi ndani ya kiasi kile. Mimi muuza nguo nampa mteja risiti inayoonyesha bei ya gauni na idadi ya magauni. Nataka na wao waniandikie hivyo, mistari miwili tu kwenye ujumbe uleule. Mpaka watakapofanya, kila usiku wa Deira natoa daftari, naandika dirham upande mmoja na shilingi upande wa pili, nagawa mwenyewe.