Mbegu ya mtama Hakika kwenye shamba lenye kiduha

Kama shamba lako la Bahi, Chamwino au Kongwa, mkoani Dodoma, huchomoza vijiua vyekundu vya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, chini ya mtama kila masika, anza na Hakika. Iliidhinishwa Tanzania mwaka 2002 pamoja na ndugu yake Wahi. Ukinzani wake dhidi ya kiduha ni wa ugenini: ulitoka kwenye mtama uitwao SRN39, ambao Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyeko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake waliutumia kuzalisha mbegu mpya.

Mizizi ya mtama kwenye udongo uliochoka hutoa kemikali ya kuita fangasi rafiki wanaousaidia kupata fosforasi. Mbegu za kiduha, ambazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, huamshwa na mwito huohuo. SRN39 hutoa kemikali ya aina nyingine, hivyo nyingi haziamki. Nyingi, si zote, na hazifi. Msimu utakaorudisha mahindi palepale, kiduha kitarudi.

Kwa hiyo Hakika peke yake haitoshi. Weka samadi, na kila kiduha king'olewe kabla hakijachanua, maana mche mmoja hudondosha mbegu maelfu kwa maelfu. Ukikiona juu ya ardhi, ujue kimeshanyonya mizizi kwa wiki kadhaa.

Kilo 3 hadi 4 zinatosha ekari moja: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashina, kina kisizidi 5, kisha punguza ibaki miche miwili. Mashimo ya Chololo (upana sentimita 22, kina 30, nafasi 60 kwa 90) huhifadhi maji vizuri mvua inapokatika Februari, ila ni karibu mashimo 7,500 kwa ekari. Asiye na vibarua aanze na robo ekari.

Hakika hukomaa mapema kuliko mitama mingi ya kienyeji. Hilo huokoa mavuno mvua ikiwahi kuisha, lakini shamba linaloiva peke yake huwaita kweleakwelea wa kijiji kizima. Kubalianeni na majirani mpande wiki moja.

Kasoro kubwa iko kwenye mbegu ya kujiwekea. Si chotara, kwa hiyo unaweza kurudia kuipanda, lakini sifa ya kutokuamsha kiduha lazima mche uirithi kwa baba na kwa mama. Chavua ya mtama wa jirani ikiingia, mche unaozaliwa unaonekana mzuri kabisa, na mizizi yake inakiita kiduha kama zamani. Wengi hudhani mbegu "imechoka", imechanganyika tu. Tia alama masuke ya katikati ya shamba kabla ya kuvuna, acha ya pembeni yaende jikoni, na baada ya misimu michache nunua upya mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Alama: 4 kati ya 5.