Kitasa kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mwizi alipoingia kwetu Tegeta, kitasa hakukigusa. Asubuhi nilikikuta kimefungwa vilevile, ulimi umetoka nje, umeng'ang'ania kipande cha fremu kilichopasuka. Mtaimbo ulipita pembeni. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kitasa gani, namuuliza kwanza mlango wake ni wa nini. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi katikati hauokolewi na kitasa chochote. Kama ndio ulio nje, anza na mlango wa mninga au mkongo, kitasa kisubiri.

Mlango ukiwa imara, namba moja kwangu ni kitasa cha kuzamisha ndani ya mbao, chenye leva 5. Leva ni vile vibati vya ndani ambavyo ufunguo lazima uvinyanyue vyote kwa kimo chake sawasawa ndipo ulimi usogee. Kariakoo utaonyeshwa zaidi vya leva 2 na 3. Vya 2 viwekee vyumba vya ndani tu, maana funguo zake hazitofautiani sana, na wa jirani unaweza kufungua kwako. Pima ulimi ukitoka: usipungue milimita 20. Kisha msimamie fundi anapofunga kile kibati cha kwenye fremu. Skrubu za kwenye boksi ni fupi mno; mpe za inchi 4, zivuke fremu na kushika ukuta kwa fisha, zile plagi za plastiki za kuingiza ukutani. Hapo ndipo nilipoibiwa mimi, kwenye skrubu.

Namba mbili, grili na kufuli. Karibu na bahari chagua la shaba, halishiki kutu upesi, lakini upinde wake uwe wa chuma kigumu na uwe mfupi, mkasi wa nondo usipate pa kuuma. Mwambie mchomeleaji aliwekee boksi la bati nene linaloacha nafasi ya mkono chini tu.

Kitasa cha silinda ni namba tatu. Silinda, yaani kile kipande unachoingizia ufunguo, ni dhaifu katikati, pale skrubu inapopita, na ikichomoza nje mwizi huibana na kuivunja. Pima unene wa mlango kabla ya kwenda dukani, isichomoze zaidi ya milimita 3.

Vya kidijitali vinavutia, ila vingi vina tundu la ufunguo wa dharura, kwa hiyo silinda ni ileile. Vile vya duara vyenye kitufe cha kubonyeza vitoshe chooni.

Jambo moja nakuomba usilipuuze. Ufunguo wa grili ukae mahali pamoja, mbali na dirisha, ambapo kila aliyelala humo ndani anapafikia gizani, hata mtoto. Jaribuni usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa. Moto ukiwaka, grili iliyofungwa huwazuia wa ndani kutoka kama inavyomzuia mwizi kuingia.